Nakala ya mbawakawa wa Malkia Tiye: inunue, karatasi yake itupe

Haya, karibuni tena. Ngoja nikisogeze kwenye kamera... mnakiona? Huyu ni mbawakawa, yule mdudu anayeviringisha mavi. Ni nakala ya plastiki ngumu ya mbawakawa wa Malkia Tiye wa Misri ya kale. Nimeinunua mtandaoni shilingi elfu 38, imekuja na karatasi ya ukoo wa malkia huyo.

Mgongoni wamefanya kazi safi, mistari ya mabawa inaonekana. Ila ni nyepesi mno! Zile za zamani zilichongwa kwa jiwe laini, zikapakwa rangi na kuchomwa zing'ae. Hii ukiishika ni kama kifuniko cha chupa.

Sasa tuigeuze, maana utamu uko tumboni. Maandishi haya aliyatoa mumewe, Firauni Amenhotep wa 3 (hapa firauni ni cheo jamani, si tusi), karne ya 14 kabla ya Kristo. Zimepatikana zaidi ya 50 za namna hii. Anaanza na majina yake na sifa zake, halafu: mke mkuu wa mfalme ni Tiye, jina la baba yake Yuya, jina la mama yake Thuya. Wakwe wanatajwa! Na hawakuwa wa ukoo wa kifalme. Yuya alikuwa mkuu wa farasi na mtu wa magari ya vita, kwao Akhmim, mji wa huko huko Misri. Mwisho mfalme anajipigia debe: mpaka wangu wa kusini ni Karoy (huko Nubia, Sudan ya leo), wa kaskazini Naharin (pande za Syria). Yaani, binti yenu kaolewa pazuri.

Tukija kwenye karatasi, hapo ndipo niliponuna. Ukoo unaanzia kwa Tiye, kana kwamba kadondoka kutoka juu. Yuya na Thuya wamo tumboni mwa mdudu, kwenye karatasi hawamo! Kaka yake Anen, kuhani wa pili wa mungu Amun, naye hayumo. Na Nefertiti wamemchora kama binti yake. Hapana. Nefertiti aliolewa na Akhenaten, mtoto wa Tiye. Ni mkamwana.

Mjukuu, Tutankhamun, wamemweka sawa, lakini kisa chenyewe wamekiacha. Kaburi lake lilipofunguliwa 1922 kulikuwa na kijeneza kidogo chenye jina la Tiye, ndani yake kishungi cha nywele. Kijana kazikwa na nywele za bibi yake! Mwaka 2010 vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba maiti ya mwanamke iliyopatikana 1898 katika kaburi la Amenhotep wa 2 ni ya binti wa Yuya na Thuya. Ndiye Tiye huyo, na nywele zake ndefu bado ziko kichwani.

Mdudu nampa saba kwa kumi, karatasi mbili. Mimi nimeshachora ukoo mwingine nyuma yake kwa kalamu, na juu kabisa nimeanza na Thuya.