Uzoefu wangu na santuri ya Silver Convention: muziki mtamu, sahani imepinda

Haya jamani, leo si simu wala earbuds, ni santuri, ile sahani nyeusi ya zamani. Nlipata LP ya 1975 ya Silver Convention, kikundi cha disko, yenye ile Fly, Robin, Fly, kwa mzee mmoja anayeuza mitumba pale Kongowea, akataka elfu mbili tukavutana weee mpaka akakubali elfu moja mia mbili, mi nkatia kwa begi nkapanda matatu nkakaa dirishani upande wa jua. Na jua la Mombasa mwalijua. Kufika nyumbani sahani imefura upande mmoja kama chapati. Sasa sijui ilikuwa hivyo toka kwa mzee ama ni mimi, maana hata sikuitoa kwa kava kuikagua, huo ujinga ni wangu.

Nkaiosha, nkaibana kwa vioo viwili siku tatu, ikanyooka kidogo. Kwa pleya sindano yapanda yashuka kama jahazi la kusi, na ule wimbo wenyewe unaruka mahali pawili.

Lakini muziki wallahi! Besi nzito, halafu fidla zote zinaingia kwa pamoja, na sisi tuliolelewa na taarab kwa fidla hatudanganyiki. Maneno sasa ndo kichekesho, wimbo mzima una maneno sita tu, wanayarudia mpaka mwisho. Mke wangu kauliza, "Hawa waimba ama wafukuza kunguru?" Na kwa maneno hayohayo sita ukakaa namba moja Marekani wiki tatu, 1975, mwaka uliofuata ukachukua Grammy ya muziki wa ala, yaani hata waliotoa tuzo hawakuhesabu kuwa pale kuna mtu ameimba lol.

Ni kikundi cha Munich, Ujerumani, kazi ya Sylvester Levay na Michael Kunze. Mwanzo hakukuwa na kikundi hasa, sauti ni za waimbaji wa kukodi studio, wimbo ulipowaka ndo wakatafutwa wanawake watatu wa kusimama jukwaani, Penny McLean, Ramona Wulf na Linda Thompson. 1976 Get Up and Boogie ikafika namba mbili Marekani, 1977 wakaiwakilisha Ujerumani kule London kwa mashindano ya nyimbo ya Eurovision, wakawa wa nane, na kabla ya miaka ya themanini kuingia habari yao ishakwisha. Ukisikiliza LP yote unaona kwa nini, zile nyimbo zingine zafanana mno, mi nlisinzia.

Muziki naupa nne kwa tano, kwa sababu ya zile fidla. Sahani naipa mbili kwa tano.

Mzee ananambia anayo pia ile yenye Get Up and Boogie. Ntamwendea magharibi, jua likishatua, na hiyo ntaitoa kwa kava niilaze mezani kwake kwanza ndo tuongee bei.