Chingamu ya nikotini: sigara nimeacha na kilo hazijanishinda

Nimeingia mwezi wa tano sijashika sigara, alhamdulillah, na nilivuta miaka 14. Kilichonisaidia ni chingamu ya nikotini, ile ya miligramu 4.

Hii si mara yangu ya kwanza kuacha. Mwaka jana niliacha kavu kavu bila dawa, arosto nkaivumilia miezi miwili, lakini mwili ukafura kutoka kilo 72 hadi 78, suruali zikakataa kufunga, nkaona basi bora sigara, nkarudi. Nilijuta sana. Kumbe nikotini hukata hamu ya kula na hufanya mwili uchome chakula kasi kidogo, sasa ukiikata ghafla njaa inarudi, ladha inarudi, na mdomo ushazoea shughuli, kila pale ningewasha sigara mimi nilitia kachri, viazi karai, kaimati. Wanaoacha wengi huongeza kama kilo 4 au 5 mwaka wa kwanza, na nyingi huja ile miezi mitatu ya mwanzo. Laiti ningeambiwa mapema ningejipanga.

Sasa chingamu yenyewe. Aliyeniuzia pale famasi alinipa pakiti na chenji, hakunieleza kitu, na hilo limeniudhi mpaka leo. Siku ya kwanza nkaitafuna haraka haraka kama chingamu za dukani, na kikombe cha kahawa tungu mkononi, wallahi kwikwi hazikukatika mpaka isha na kiungulia juu yake. Kusoma kile kikaratasi cha ndani ndo nkajua, unatafuna polepole mpaka uhisi muwasho kama wa pilipili manga, hapo unasimama unaibana kati ya shavu na ufizi, muwasho ukiisha unatafuna tena, hivyo hivyo kama nusu saa. Na dakika 15 kabla usiguse kahawa, soda wala maji ya ukwaju, nikotini haiingii vizuri mdomoni. Ya miligramu 4 ni ya yule ambaye akiamka nusu saa haipiti hajavuta. Kama wewe ya kwanza wavuta baadaye, chukua ya 2.

Upande wa uzito, inauchelewesha tu, haiuzuii, kwa hivyo usiiachie kazi yote. Saa yangu mbaya ni baada ya chakula cha usiku, basi nikinawa tu mikono natoka, naenda Mama Ngina, pale ufukweni Mombasa, natembea dakika 40 na upepo wa bahari, na mfukoni nna karoti nimezikata vijiti, maana hata vidole vinataka kitu cha kushika. Mbaazi na mahamri za asubuhi sikuacha, ila nimetoka manne nkaja mawili. Mpaka leo nimeongeza kilo moja na nusu.

Ubaya wake ni bei, mwanzoni nilikuwa natafuna 10 kwa siku na pakiti inaisha hujageuka, halafu taya linauma. Na kuipunguza ni kidogo kidogo, ni kama wiki 12 zote. Mjamzito au mwenye ugonjwa wa moyo aongee na daktari kwanza.

Nyota nne kati ya tano, moja nimeitoa kwa bei. Anayejua famasi inayoiuza nafuu upande wa Likoni aniambie, kakangu naye anataka kuanza wiki hii.