Siku tatu na waongozaji wa watazama ndege, Dunga na Isecheno

Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru, nimezaliwa Bondeni, na kwa miaka mingi neno ndege kwangu lilikuwa na maana moja: heroe. Tulikua tukiona ukingo wa ziwa umepigwa rangi ya waridi. Maji yalipopanda chumvi ilipungua, mwani wanaoula ukapungua nao, na wengi wakahamia Bogoria. Kwa hiyo binti yangu aliponiarifu kwamba atakuja mwezi wa Februari na mumewe, Mholanzi, na kwamba mkwe hataki simba wala tembo bali ndege, nilijua ziwa letu peke yake halitatosha.

Mkwe alinitumia orodha kabla hajafika. Majina mawili aliyapigia mstari: shorobo mkubwa wa buluu wa msituni, na yule ndege wa kifua chekundu anayeishi ndani ya mafunjo. "Mama, hao wawili wakionekana, mengine yote ni nyongeza," aliniandikia.

Nilianza vibaya. Ofisi moja ya safari mjini ilinichorea mpango wa siku nne: Nakuru, Naivasha, Maasai Mara, na kila siku kuondoka hotelini saa tatu asubuhi baada ya chai. Mpango mzuri kwa mtu mwingine. Kwetu ulikuwa nguo iliyokatwa kabla ya mwenyewe kupimwa. Shorobo huyo kwa Kenya yuko upande wa magharibi, na saa tatu ndege wa msituni wameshaimba na kula, wengi wametulia kwenye kivuli. Niliukataa, na fedha ya kuchorewa mpango haikurudi.

Binti yangu ndiye aliyenionyesha eBird kwenye simu, ambamo watu huandika walichokiona, mahali na tarehe. Tulitafuta yale majina mawili, na mahali palipojirudia ni Dunga pale Kisumu na msitu wa Kakamega. Kijana wa jirani aliyesoma Chuo Kikuu cha Masinde Muliro akanipatia namba za waongozaji wawili, mmoja kila upande. Niliwapigia wote kabla ya kutafuta pa kulala, nami nawashauri mfanye hivyo hivyo, kwa sababu mwongozaji ndiye atakayekuambia ulale wapi ili asubuhi usiichome barabarani.

Tulipanda matatu kupitia Kericho, tukalala Kisumu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi tulikuwa ufukweni Dunga. Niseme kasoro mapema: tulikuwa abiria watatu, jaketi za kujiokolea zilikuwa mbili. Nilikataa kupanda hadi ya tatu ipatikane, na nusu saa ya mwanga mzuri ilipotea. Mwenye mashua aliomba radhi, lakini jambo hilo lilipaswa kuwa tayari tangu jioni. Ulizeni kwa simu mnapoagiza.

Baada ya hapo sina lawama. Alizima injini mbali na mafunjo, akatusogeza kwa upondo, polepole, akipenya kati ya magugumaji. Mdiria weusi kwa weupe walikuwa wanasimama hewani juu ya maji kama wamening'inizwa kwa uzi, kisha wanajitupa. Mkwe alikuwa amefungua simu ili apige sauti iliyorekodiwa ya ndege wake, mwongozaji akamzuia kwa adabu. "Mara moja, mbili basi, ndugu yangu. Akisikia sauti anadhani mwenzake ameingia kwake. Anaacha kula anakuja kugombana na mtu ambaye hayupo." Hata hiyo mara moja haikuhitajika. Dume na jike walikuwa wanajibizana ndani kabisa, na mwongozaji alikuwa ameshainua kidole.

Akatoka kwenye shina la funjo hatua kama kumi kutoka kwetu. Mgongo mweusi, mstari mweupe kwenye bawa, utosi wa manjano iliyofifia, na kifua chekundu cha kitambaa kipya ambacho hakijaona maji. Mwongozaji alitueleza tuutazame ule utosi, kwa sababu huku yuko pia ndugu yake anayefanana naye kwa kifua, ila yeye kichwa ni cheusi chote na haishi kwenye mafunjo tu. Hapo nilielewa ninalipia nini. Peke yangu ningeona chochote chekundu na kushangilia.

Tulipokuwa tunarudi alituonyesha mahali mafunjo yamekatwa kwa ajili ya mikeka na vikapu. Alisema yakikatwa kwa zamu huota tena, lakini yakifyekwa yote na kulimwa, ndege huyu hana pengine pa kwenda. Hakusema kwa kutuhubiria. Ni kazi yake na ya jirani zake, na zote mbili zinakaa kwenye maji hayo hayo. Saa mbili za mashua nilizilipa shilingi 3,000 kwa M-Pesa, tukala ngege wa kukaanga palepale.

Kakamega ni kama kilomita 50 kutoka Kisumu. Kwa Isecheno unashuka Khayega, unashika barabara ya Shinyalu. Msitu una sehemu mbili za kuzingatia: kaskazini, Buyangu, ni hifadhi ya taifa chini ya shirika la wanyamapori, KWS, na kusini, Isecheno, uko chini ya idara ya misitu, KFS. Mgeni na mwananchi hawalipi sawa, kwa hiyo ulizeni viwango kabla, hasa mkiwa mchanganyiko kama sisi. Tulilala gesti ndogo ambayo haikuweza kutupa hata uji kabla ya saa moja asubuhi, ingawa niliomba tangu jana yake. Bebeni chapati na chupa ya chai yenu.

Mwongozaji wa Isecheno ni mtu mzima, Mwisukha, mpole, anatembea mikono nyuma. Darubini yake jicho moja lina ukungu, na haikumsumbua hata kidogo, maana yeye anaona kwa masikio. Tuliingia njiani giza likiwa linaachia, umande unadondoka kutoka juu kama mvua iliyosahaulika. Kila hatua chache alisimama, akataja. Huyu chozi. Huyu anafuata siafu, anakula wadudu wanaowakimbia. Ule mvumo mzito juu ya miti niliudhani upepo, kumbe ni mabawa ya hondohondo wawili wakipita. Alitusimulia jinsi jike anavyojifungia ndani ya tundu la mti kwa udongo wakati wa kuatamia, ukaachwa ufa mwembamba tu, na dume akabeba chakula kutwa. Nilimtazama mkwe wangu alivyokuwa anasikiliza, nikampenda zaidi.

Shorobo alikuja saa moja na nusu, kwenye mkuyu uliozaa. Kwanza matawi yalitikisika, nikadhani kima. Kisha akatoka akikimbia juu ya tawi, mkubwa kuliko kuku, buluu ya mawingu ya mvua, kishungi cheusi kimesimama, mdomo wa manjano wenye ncha nyekundu. Hapai sana, alifika mwisho wa tawi akajiachia, akateleza hewani hadi mti wa pili. Walikuwa watano. Mkwe hakupiga picha. Alishika darubini kwa mikono miwili, machozi yanamtoka, binti yangu amemshika bega.

Kwa asubuhi nzima mzee alinitoza shilingi 2,500. Nilimwongezea, na hakuwa ameomba. Mchana mvua ilinyesha kama alivyosema, ndiyo maana hapangi kazi baada ya saa nane. Kasuku wa kijivu tulimtafuta tukamkosa. Alituambia ukweli tangu mwanzo kwamba wamebaki wachache mno na asingetuahidi. Mwongozaji anayeahidi kila ndege, mimi simwamini.

Ukipanga, chukua Desemba hadi Februari kama hupendi tope. Wageni wa Ulaya kama mbayuwayu bado wapo. Aprili na Mei mvua ni nyingi. Vaa gambuti na nguo za rangi iliyopoa. Mimi nilikwenda na leso ya njano, mzee akaniomba niikunje nikaiweke mfukoni.

Nimeshampigia kwa ajili ya Desemba. Safari hii nakwenda na dada zangu wawili wa chama, na ameniambia nifike Jumapili jioni ili Jumatatu tuanze na ule mkuyu.