Meza ya sarafu za kale katikati ya Mwanza: acha seti, chukua za bakuli

Meza hii inauza sarafu za Asia ya Mashariki zenye tundu la mraba. Kuna seti ya "wafalme watano" iliyotungwa kwenye uzi mwekundu, Sh. 25,000, na kuna bakuli la sarafu chafu, Sh. 3,000 kila moja. Inayonadiwa ni seti, na zote tano ni bandia.

Majina yaliyomo ni Shunzhi, Kangxi, Yongzheng, Qianlong na Jiaqing, watawala wa China wa nasaba ya Qing kuanzia 1644 hadi 1820. Kwa muda wote huo sarafu zilisubiwa katika viwanda vingi na viwango vya uzito vilibadilika, kwa hiyo za kweli hazilingani. Hizi, kwenye mzani wa sonara, zote zilisoma gramu 3.1, na kipenyo milimita 24. Kiwango cha mwaka 1734, kilichorithiwa na Qianlong, kilikuwa karibu gramu 4.5.

Tazama ukingo kwa lenzi ya mara 10. Sarafu halisi zilitolewa kwenye kalibu ya mchanga zikiwa zimeshikana kama matawi ya mti, zikakatwa, zikatungwa kwenye fimbo ya mraba na kupigwa tupa. Mikwaruzo ya tupa hubaki. Za seti hii zina mshono mwembamba unaozunguka katikati ya ukingo, na herufi zake zimelainika kama sabuni iliyokwisha kutumika. Nyuma, kwa kawaida kuanzia Yongzheng, neno la kushoto la Kimanchu (lugha ya watawala wa Qing) lapaswa kuwa boo, yaani "hazina", na la kulia kutaja kiwanda. Kwenye ile ya Yongzheng, kulia kuna mistari tu isiyosomeka. Ukijani nao ni rangi: pamba yenye dawa ya kuondoa rangi ya kucha ilitoka kijani mara moja.

Sumaku peke yake isikudanganye. Bandia za shaba hazinasi, ilhali Japani ilisubu kwa chuma baadhi ya sarafu zake halisi ziitwazo Kan'ei Tsuho, na hizo hunasa.

Bakuli ndilo lenye mali. Nyingi ni Kan'ei Tsuho, ambazo herufi zake husomwa juu, chini, kulia, kushoto. Mojawapo ina milimita 28 na mawimbi 11 mgongoni: ni ya mon 4 (mon ni fedha ya zamani ya Japani), aina iliyoanza 1768 ikiwa na mawimbi 21 kabla hayajapunguzwa. Alama za tupa zipo na kona za tundu ni kali. Si adimu, lakini ni ya kweli. Muuzaji anaruhusu kupima kabla ya kulipa, jambo la kumsifu.

Ukishanunua, usisugue kwa ndimu na majivu. Utaondoa ngozi ya kale na thamani yake. Tumia maji safi na mswaki laini, kisha kausha kabisa. Hewa ya ziwani ina unyevu, na ukiona madoa ya kijani mpauko yenye ungaunga, itenge sarafu hiyo na nyingine, maana unga huo unaendelea kuila shaba.