Still Me ya Christopher Reeve: nilivyoisikiliza na kaka yangu

Nilichonunua ni kitabu cha kusikiliza kiitwacho Still Me, yaani bado ni mimi. Ni maisha ya Christopher Reeve, yule aliyecheza Superman, na anayesoma ni yeye mwenyewe. Kitabu kilitoka 1998, miaka mitatu baada ya kuanguka kwenye farasi na kupooza kuanzia shingoni, na usomaji huo ukampatia tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Mimi nimekipata juzijuzi tu, kwa bei ya kama kilo tatu za nyama ya hapa mtaani, na nakipa nyota nne. Ile ya tano nitaeleza ilipopotelea.

Kukinunua kulinisumbua kuliko kukisikiliza. Duka la mtandaoni lilikataa kadi yangu mara tatu, mara ya nne likakata hela bila kuleta kitabu, na nikakaa siku mbili naandikiana na mtu wa huduma kwa wateja aliyekuwa ananijibu salamu tu. Kilipokuja kilikuja kizima. Ushauri wangu: kishushe ukiwa mahali penye intaneti ya bure, maana kinakula bando. Kikishaingia kwenye simu unasikiliza bila mtandao hata huko shamba.

Sasa kwa nini mwalimu wa sekondari wa Pangani anunue maisha ya Mmarekani. Kaka yangu alikuwa mkwezi wa minazi. Miaka mitano iliyopita aliteleza akiwa juu, asubuhi baada ya mvua, akaangukia mgongo. Uti wa mgongo uliumia sehemu ya kiunoni. Mikono anayo, pumzi anayo, ila kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari nako. Anakaa kwangu. Jioni nikitoka shule tunaangalia mpira, na mpira ukiisha tunabaki tunaangaliana. Siku moja akaniuliza, "Hivi yule Superman wa kwenye kanda aliishia wapi? Si nilisikia naye alivunjika?"

Superman kaka alimjulia kwenye kibanda cha video, enzi za kukaa kwenye benchi la mbao na kulipia mlangoni. Alikuwepo kijana wa kutafsiri, aliyeshika kipaza sauti na kutia maneno yake mengi kuliko ya filamu, kama alivyokuja kuvuma Lufufu baadaye. Kwa hiyo Superman wa kaka yangu anaongea Kiswahili cha Tanga na anawatukana maadui zake. Nilipomwambia nimepata kitabu ambacho Superman anasimulia mwenyewe, akasema sawa, ila utatafsiri wewe.

Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sijaliona kwenye maoni ya wanunuzi wengine. Reeve alivunja pingili ya kwanza na ya pili za shingo. Mishipa inayoendesha msuli wa kupumua hutoka chini kidogo ya hapo, kwa hiyo amri ya ubongo haikufika tena, na akawa anapumuliwa na mashine kupitia tundu kooni. Anaongea kwa hewa anayogawiwa. Sentensi inakwenda maneno matano, sita, inakatika mahali ambapo huwezi kuweka hata mkato, kisha inaendelea. Dakika kumi za kwanza nilikereka, nikadhani faili lina kasoro. Baadaye nikaona kwamba zile nafasi zinanitosha mimi. Yeye anasubiri mashine, mimi namalizia Kiswahili. Tulikwenda hivyo wiki tatu, na mara chache sana nilihitaji kusimamisha simu. Msikilizaji mwingine aliandika kwamba ameongeza kasi ili mapengo yapungue. Usifanye hivyo. Ukiongeza kasi umenunua kitabu cha mtu mwingine.

Ajali anaisimulia bila kujihurumia. Ilikuwa Mei 27, 1995, huko Culpeper, Virginia, kwenye mashindano ya farasi. Kiunzi cha tatu, wala si kirefu. Farasi alikwenda vizuri, kisha akagoma ghafla, na Reeve akapitiliza kichwa mbele huku mikono imenasa kwenye hatamu, asiweze kujikinga. Mtu wa futi sita na inchi nne akatua kwa kichwa. Kilichomshangaza kaka si hicho. Ni kwamba mtu huyu alikuwa na mzio wa farasi! Alipotakiwa kujifunza kupanda kwa ajili ya kucheza filamu ya televisheni iitwayo Anna Karenina, 1985, alikuwa anameza vidonge vya mzio ili aweze kuwakaribia. Kaka akacheka sana, kisha akanyamaza, halafu akasema ule mnazi wake nao ulikuwa na siafu, siku zote ulikuwa unamwambia aondoke.

Sehemu ya hospitali ndiyo iliyonifanya nisijutie hela. Alipopata fahamu na kuelewa hali yake, alimwambia mkewe Dana kwamba huenda ingekuwa vyema wamwache aende. Dana akamwambia uamuzi ni wake, ila ajue yeye Dana yupo naye, na kwamba yeye bado ni yule yule na anampenda. Jina la kitabu limetoka hapo. Nilipofika pale nilitafsiri vibaya kwa makusudi, nikapunguza, kwa sababu kaka ana mke aliyerudi kwao mwaka wa pili. Akanitazama. "Hukumaliza," akasema. Nikarudisha nyuma nikamalizia.

Kisha anakuja Robin Williams, mchekeshaji, rafiki yake tangu walipokuwa wanafunzi wa maigizo Juilliard. Aliingia wodini amevaa nguo za upasuaji, anaongea lafudhi ya Kirusi, anadai yeye ni daktari na amekuja kumpima njia ya haja kubwa. Reeve anasema hapo ndipo alipocheka mara ya kwanza tangu ajali. Hii haikuhitaji mtafsiri mzuri. Mtu yeyote aliyewahi kulazwa na mpira wa mkojo, akageuzwa na kufunuliwa na kila anayevaa koti jeupe, anaielewa.

Habari za kazi yake ya uigizaji zipo, na kama unakuja kwa ajili ya Superman hutatoka mikono mitupu, ila usitegemee nyingi. Alizaliwa New York 1952, baba yake profesa na mshairi, mama yake mwandishi wa habari, wakaachana angali mdogo. Kabla ya filamu alishacheza jukwaani Broadway na Katharine Hepburn. Filamu ya kwanza ya Superman, ya 1978, alilipwa dola 250,000, wakati Marlon Brando, anayeonekana kwa dakika chache kama baba yake, alichukua milioni 3.7. Alikuwa mwembamba, wakataka kumvalisha nguo yenye misuli ya kushonwa, akakataa, akaenda kunyanyua vyuma chini ya David Prowse, yule aliyekuwa ndani ya vazi la Darth Vader, adui wa kwenye filamu za Star Wars. Kaka aliirudia hii kwa kila mgeni aliyeingia nyumbani wiki ile.

Na kuna jambo alilolikumbuka mwenyewe kutoka kibandani, miaka thelathini nyuma. Clark Kent, yaani Superman akijifanya mtu wa kawaida, yuko sebuleni kwa yule dada mwandishi wa habari, amejikunja, mabega yameanguka. Dada anapoingia chumbani, Clark anavua miwani na kunyoosha mgongo, na papo hapo ni mtu mwingine, bila kubadilisha nguo. "Hakuruka wala nini," kaka akasema. "Alinyoosha mgongo tu, kibanda kizima tukapiga kelele." Nimeitafuta sehemu hiyo tukaiangalia kwenye simu. Ni kweli kabisa. Kaka aliomba turudie mara mbili, halafu akasema inatosha.

Zile filamu tatu zilizofuata anazipitia haraka, na ya nne, ya 1987, hata yeye haitetei. Mwaka huo huo alikwenda Chile kusimama na waigizaji waliotishiwa kuuawa chini ya utawala wa Pinochet, na hiyo kwangu ni habari kubwa kuliko filamu zote tatu. Sehemu za mashua, ndege ndogo na kuteleza kwenye theluji zinachosha. Kaka alilala mara mbili. Sikumwamsha.

Sasa nyota iliyopotea. Kwanza ni hela. Matunzo yake yalikuwa yanagharimu kama dola 400,000 kwa mwaka, na bima yake ilikuwa na kikomo cha milioni 1.2 kwa maisha yote. Alipigania sheria ya kupandisha kikomo hicho hadi milioni 10, si kwa ajili yake tu, na hapo namvulia kofia. Lakini kaka aliponiuliza milioni 10 za dola ni shilingi ngapi, nilimwambia asiulize. Huku kwetu kiti mwendo tulichopata kilikuwa cha mtu mfupi kuliko yeye, na hospitali tuliyoanzia ilimruhusu kurudi nyumbani bila mtu yeyote kutuonyesha namna ya kumgeuza.

Pili ni kule kushikilia kwake kwamba atatembea tena, na kwamba atafanya hivyo kabla ya kutimiza miaka 50. Alichangisha fedha nyingi za utafiti, akawabana wanasiasa, na kwa kweli mwaka 2000 alianza kuchezesha kidole cha shahada, jambo ambalo madaktari hawakulitarajia. Lakini huko Marekani kwenyewe wapo watu wenye ulemavu waliomlaumu kwamba anazungumzia tiba mno na kusahau wanaoishi leo. Sikuwa nimemwambia kaka habari za lawama hizo. Tulipofika pale penye kutembea alisema, "Mwambie mimi nataka mlango wa choo uwe mpana." Na tulikaa siku mbili bila kuwasha simu.

Tulipomaliza kitabu, kaka hakuridhika. Kitabu cha 1998 hakiwezi kukusimulia mwisho wa mwandishi wake, kwa hiyo ikabidi nimwambie mimi: kwamba aliongoza filamu akiwa kwenye kiti, kwamba 2003 aliwekewa kifaa tumboni kilichomwezesha kupumua bila mashine kwa saa kadhaa, kwamba alifariki Oktoba 10, 2004, akiwa na miaka 52, na Dana akamfuata Machi 2006 kwa saratani ya mapafu, mwanamke asiyevuta sigara. Kuna filamu ya maisha yao iliyotoka 2024, watoto watatu wa Reeve wamo. Bado sijaiona na si hiyo ninayoipitia hapa.

"Yeye alikufa na nini?"

Nilitaka kusema moyo, na nisingekuwa nimedanganya, maana moyo ulisimama. Lakini tulikuwa tumeshakubaliana kutokupunguza. Nikamwambia alikuwa anatibiwa kidonda cha kulalia kilichoingia maambukizi.

Akakaa kimya muda mrefu kidogo. Pale kitandani alikuwa amelalia ubavu wa kulia tangu saa moja, na mpira wa jioni ulishaisha.

"Na wauguzi wote wale?"

"Na wauguzi wote wale, kaka."

"Haya," akasema. "Njoo unigeuze."