Klabu ndogo ya soka: tajiri mmoja au ada za wanachama?

Kwa kasi ya fedha, tajiri hana mpinzani. Basi la mechi ya ugenini, posho za wachezaji wanaotoka kazini jioni wakaja mazoezini: simu moja tu, mambo yamekwisha. Wanachama, hadi wachangishane, mechi imeshachezwa.

Uhakika ndio kasheshe. Gretna ya Uskoti ilibebwa na tajiri wake, Brooks Mileson, kutoka madaraja ya chini hadi fainali ya Kombe la Uskoti mwaka 2006, kisha Ligi Kuu 2007. Alipougua 2008 fedha zikakatika, klabu ikafa mwaka huohuo. FC United of Manchester, iliyoanzishwa na mashabiki wa Manchester United 2005 kwa kura moja kila mwanachama, haijapaa hivyo, ila ipo.

Uendeshaji? Vikao vya wanachama haviishi, na mhazini wa kujitolea anatunza risiti kwenye mfuko wa plastiki. Tajiri naye hukawii kumkuta akipanga kikosi.

Mkidaiwa posho na ligi inaanza wiki ijayo, mpokeeni tajiri, lakini fedha ziandikwe msaada, si mkopo. Mkiwa na watu wanaojaa hata mkifungwa, anzeni na ada.