Shawa inatoa maji kiduchu? Pampu za kununua, kuanzia ninayoipa namba moja

Wakuu, ukienda Gerezani pale Kariakoo ukasema unataka pampu ya kuongeza presha bafuni, swali la kwanza utaulizwa ni "hospawa ngapi?" na hapo ndipo watu wanapopigwa, maana unarudi nyumbani na dude la kuvuta maji kisimani wakati ulichokuwa unahitaji ni kasukumo kadogo tu. Presha ya shawa hesabu yake ni mita. Mita 10 za kwenda juu ni kama bar 1. Sasa angalia nyumba zetu nyingi, simtenki liko kwenye mnara wa mita 3, kichwa cha shawa kiko mita 2 kutoka chini, kwa hiyo maji yakikaribia kuisha tenkini unabakiwa na mita 1 tu, yaani bar 0.1, ndio maana asubuhi tenki likiwa limejaa unaoga vizuri na jioni unasubiri maji yadondoke.

Kabla hujatoa hela fungua kwanza kichwa cha shawa. Maji ya kisima yenye chumvi yanaziba vile vitundu, kiloweke kwenye siki usiku kucha. Cheki na geti valvu ya tenki kama imefunguliwa yote. Halafu kinga ndoo ya lita 10 hapo hapo kwenye shawa, ikizidi dakika 2 kujaa basi kweli unahitaji pampu.

Namba moja kwangu ni busta ndogo ya kufunga kwenye bomba, zile za wati 90 mpaka 120, kama Grundfos UPA 15-90 na zinazofanana nayo. Inaongeza kama mita 8 au 9 hivi, na kwa mtu aliyekuwa na mita 1 hiyo ni tofauti kubwa sana, halafu haina kelele na umeme inakula kidogo mno, ya wati 120 ukiitumia nusu saa ni uniti 0.06 tu. Ina sehemu ya otomatiki, ukifungua koki inawaka yenyewe. Ila lazima maji yawe yanapita yenyewe kwanza hata kama ni kidogo, kwa hiyo kama tenki lako liko chini, usawa mmoja na bafu, hii haikufai, na mwambie fundi afuate mshale uliochorwa pembeni na shafti (mhimili unaozunguka ndani) ilale, isisimame wima, maana wengi wanafunga vyovyote tu halafu inakufa mapema.

Namba mbili, pampu ya nusu hospawa (Pedrollo PKm 60 ndio inayojulikana sana) pamoja na kifaa cha otomatiki cha kuiwasha na kuizima. Hii ni ya tenki lililo chini, au nyumba ya ghorofa moja yenye bafu zaidi ya moja. Ina nguvu, inafika mita 40, sasa kama mabomba yako ni ya zamani fikiria mara mbili. Haipendi mchanga kabisa, weka kichungi. Na rekebisha kwanza choo kinachovuja, la sivyo utaisikia inawaka inazima usiku kucha kwa sababu ya tone moja moja. Kifaa cha otomatiki chukua kinachokata umeme maji yakiisha tenkini, hapo usibane hela.

Tatu ni zile za inveta, yaani zinazobadilisha kasi zenyewe kulingana na maji yanayotumika, kama Grundfos SCALA2. Nzuri mno, presha haibadiliki hata watu watatu wakioga kwa pamoja, ila bei yake inataka mtu mwenye nyumba kubwa. Pampu ya jeti yenye mtungi wa presha naiweka mwisho, ina kelele na inakula nafasi.

Wenye hita ya sola nisikilizeni vizuri. Kama ni ile ya mirija ya kioo yenye tenki lisilobana presha, usisukume maji ya pampu kuingia humo, litavuja au litapasuka. Na usiongeze presha upande wa baridi peke yake, maji ya baridi yatasukuma ya moto yarudi nyuma na utaoga baridi tupu. Pia usifunge pampu moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji, unawanyima majirani na bomba likiwa na tundu mahali unavuta uchafu, jaza tenki kwanza ndio usukume.

Dukani soma kibandiko. H max ni urefu wa juu kabisa pale maji yanapokuwa hayatoki, na Q max ni lita nyingi zaidi bila kupandisha popote, kwa hiyo hivyo viwili huvipati kwa wakati mmoja. Uliza kama koili (nyaya za mota) ni ya kopa au alumini, ya kopa ndiyo bora na ndiyo nzito, nyanyua na mbili za saizi moja ulinganishe uzito. Wakitaka kuiwasha ili usikie mlio, waambie wajaze maji ndani kwanza, maana ikizunguka kavu sili inaweza kuungua kabla hata hujalipa.